Uliza Shangazi wa Kompyuta: Nimeona Kosa Kwenye Mwongozo, Nifanyeje?

Mwezi huu nimeziweka pamoja barua zinazogusa jambo moja: kusahihisha maandishi ya programu huria, zile ambazo kodi yake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, iko wazi na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Mifano yangu mingi naitoa kwenye Django, programu huria ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba hapa Tanga, na wengi wenu mnaijua, maana mikutano ya DjangoCon Africa imeshapita kwetu mara mbili, Zanzibar Novemba 2023 na Arusha Agosti 2025.

Shikamoo shangazi. Niko mwaka wa pili chuoni, najifunza Django kwa mwongozo wake wenyewe. Kwenye ukurasa mmoja nimekuta neno "the" limeandikwa mara mbili mfululizo, na aya mbili chini yake kuna kiungo kinachofungua ukurasa usiokuwepo. Rafiki yangu anasema wenye mradi hawana muda na vitu vidogo hivyo, nitajiaibisha bure. Nitume au niache?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Tuma. Rafiki yako anawasemea watu asiowajua. Taratibu za Django zinasema kwamba mabadiliko ya kodi yaanzie kwenye tiketi, yaani taarifa ya tatizo inayofunguliwa kwanza, lakini kosa dogo la maandishi halihitaji tiketi. Unalituma moja kwa moja. Watu wasiotaka vitu vidogo wasingevifungulia mlango wake.

Kabla hujagusa chochote, tazama kwanza unasoma toleo gani. Anwani ya kila ukurasa wa mwongozo ina namba ya toleo ndani yake, 4.2, 5.2 na kuendelea, na ipo moja iliyoandikwa dev, yaani maandishi ya toleo ambalo bado liko jikoni. Marekebisho yote huingia huko kwanza. Baadaye wasimamizi wakiona inafaa, wao wenyewe huyapeleka kwenye toleo lililokwisha kutoka. Kwa hiyo badilisha namba iwe dev, ufungue ukurasa uleule, utazame kama "the the" yako bado ipo. Usishangae ukikuta mtu kakuwahi. Halafu pitia orodha ya maombi ya marekebisho yaliyo wazi kwenye GitHub, tovuti inakohifadhiwa kodi ya mradi, maana huenda mwenzio ameshatuma na anasubiri.

Kama bado ipo, faili si la kutafuta kwa tochi. Ukurasa ambao anwani yake inaishia na intro/tutorial02 umeandikwa ndani ya docs/intro/tutorial02.txt, na kurasa nyingine ni hivyohivyo. Ingia kwenye akaunti yako ya GitHub, lifungue faili, bonyeza alama ya penseli. GitHub itakutengenezea nakala yako ya mradi, uhariri humo bila kuathiri cha mtu. Futa "the" moja. Basi. Najua mkono utawasha: utaona koma usiyoipenda mstari wa juu, utaona aya ambayo wewe ungeianza kwa namna nyingine. Iache. Anayekagua akiona mstari mmoja umebadilika, anamaliza kazi akiwa amesimama. Akiona mistari arobaini imeguswa, lazima aketi aisome yote, na ombi lako linasogea mwisho wa foleni.

Hicho kiungo kilichokufa kitume peke yake, kwenye ombi la pili. Neno lililorudiwa halina mjadala, linaweza kuunganishwa na mradi siku hiyohiyo. Kiungo kina mjadala: tuweke ukurasa gani mpya, au tukiondoe kabisa? Ukivifunga pamoja, chepesi kitakaa wiki kikimsubiri kizito. Na usilete kiungo kipya kabla ya kusoma kule kinakoenda. Kurasa nyingi zilizohama zimehamia mahali pengine kwenye tovuti ileile, na huko ndiko pa kuanzia, si kwenye blogu ya mtu iliyotokea juu ulipotafuta.

Hapo sasa utakutana na mtindo wa kuandika. Faili hizo zinaishia na .txt lakini zimeandikwa kwa reStructuredText, ambayo si Markdown uliyoizoea. Kipande cha kodi ndani ya sentensi huzungushiwa alama mbilimbili, hivi: ``manage.py``. Kiungo huandikwa hivi:

`Jina la ukurasa <https://example.com/>`_

Nafasi kabla ya mabano, na ule mstari wa chini mwishoni, vyote vina kazi. Ukigusa kichwa cha habari, mstari wa alama za kulingana (=) ulio chini yake lazima uwe na urefu angalau sawa na kichwa. Ukiongeza neno kwenye kichwa ukausahau mstari, Sphinx itakulalamikia. Hiyo ndiyo programu inayogeuza maandishi haya kuwa kurasa unazosoma. Mistari ya kawaida hukatwa isizidi herufi 79.

Ujumbe wa badiliko una desturi yake: kitenzi cha wakati uliopita na nukta mwishoni. "Fixed typo in docs/intro/tutorial02.txt." Hakuna "please", hakuna "my first contribution". Fomu itakuuliza namba ya tiketi, wewe andika N/A. Kwenye maelezo weka sentensi mbili: nini kilikuwepo, umekifanya nini. Kwa kiungo ongeza ya tatu, kwamba ukurasa mpya umeufungua na una habari ileile.

Ukishatuma, roboti itakusalimu kama mgeni na kukuelekeza kwenye orodha ya mambo ya kukagua. Isome. Halafu utaona vipimo vya mradi vimekwama, havianzi. Hujakosea kitu, kwa mtu mpya lazima msimamizi aviruhusu kwa mkono wake. Tulia. Usiandike "any update?" kesho yake asubuhi.

Habari za kazi shangazi. Mwongozo wa Django una kosa kubwa mno na sijui kwa nini hakuna aliyeliona. Unasema niandike python manage.py runserver, lakini kwenye Windows yangu inakataa, inasema Python haipo, wakati nimeiweka mwenyewe. Nimeandika py badala ya python ikakubali. Nataka niwasahihishie kurasa zote.
*Mjasiriamali, Mwanza*

Nzuri kaka. Shika breki kwanza. Rudi kwenye lile boksi jeusi lenye amri, utazame juu yake. Kuna vichupo viwili, kimoja cha Linux na Mac, kingine cha Windows. Bonyeza cha pili uone kama hutakuta py manage.py runserver imekungoja.

Kwenye faili lenyewe amri imeandikwa mara moja tu, kwa namna ya Linux, chini ya mstari unaosema console. Upande wa Windows unatengenezwa na mashine kurasa zinapojengwa. Ungepita ukibadilisha python kuwa py faili zote, ungewaharibia wa Linux bila kuwasaidia wa Windows, ambao tayari wamehudumiwa.

Wengine huniletea "kosa" la aina ya pili. Wamefuata somo la video linalopanga anwani za kurasa kwa url(), wakifungua mwongozo wanakuta path(), wanadhani mwongozo umepotoka. Kilichopotoka ni kalenda ya video. path() ilikuja na Django 2.0, Desemba 2017, na url() ya zamani ikaondolewa kabisa kwenye 4.0, Desemba 2021. Kwa hiyo kabla ya kusahihisha amri yoyote, iendeshe kwenye mazingira mapya, kwa toleo lilelile la mwongozo unaousoma. Ikigoma hapo, una kesi.

Ila kaka, hoja yako moja naichukua. Kama vichupo umevipita bila kuviona, huenda hauko peke yako. Hilo si la penseli, ni suala la jinsi ukurasa unavyoonekana, nalo linaanzia kwenye majadiliano: eleza ulikuwa unafanya nini, ulitazama wapi, ukaona nini.

Shangazi, kwetu bando ni ghali na mtandao ni wa kubahatisha. Je, lazima nishushe mradi mzima ili nirekebishe neno moja?
*Msomaji, Kigoma*

Hapana. Penseli niliyomwelekeza wa Morogoro inafanya kazi hata kwenye kivinjari cha simu, ingawa vidole vitakuuma. Ukitaka kuwa na faili kwenye kompyuta yako, usivute historia yote tangu 2005. Tumia amri ya git, programu ya kutunza historia ya kodi: git clone --depth 1, uchukue hali ya sasa tu. Mwongozo wenyewe unapatikana kwa PDF na ePub, ushushe mara moja usome nje ya mtandao, uwe unaandika pembeni unachokiona. Ukipata mtandao, hakiki kwenye dev ndipo utume.

Hujambo shangazi. Mwezi Oktoba nilijitolea nikatuma marekebisho kwa miradi mingi, yote ya nyaraka. Yakafungwa karibu yote, mengine bila hata neno moja, na moja likabandikwa alama ya spam. Nilisahihisha "behavior" kuwa "behaviour", nikaongeza nukta, kwingine nikaweka jina langu kwenye orodha ya README, lile faili la kuutambulisha mradi. Mimi naona ni dharau kwa sisi Waafrika.
*Kijana wa Nakuru*

Sijambo mwanangu. Dharau ipo duniani na nimeionja, lakini kwa ulivyonieleza, hii siioni. Hebu nikupe habari ambayo pengine hukuikuta.

Kampuni ya DigitalOcean ilianzisha Hacktoberfest mwaka 2014. Miaka hiyo, Oktoba ukituma idadi fulani ya maombi kwenye miradi huria, ulikuwa unapata fulana. Mwaka 2020 idadi ilikuwa maombi manne. Oktoba mosi ya mwaka huo wasimamizi wa miradi waliamka wakakuta mafuriko: huyu kaongeza neno la kusifu kwenye kichwa cha README, yule kahamisha koma, mwingine kafuta nafasi tupu. Watu hao wanasimamia miradi baada ya kazi zao za mchana, na kila ombi lazima mtu alifungue, alisome, alifunge. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba waandaaji walibadili kanuni mwezi ukiwa ndio kwanza umeanza. Mradi usiojiandikisha wenyewe, maombi yake hayahesabiwi. Tangu hapo, badiliko la koma likifika mwezi Oktoba kutoka kwa mtu asiyejulikana, linafunguliwa kwa shingo upande hata likitoka Oslo.

Sasa tuje kwenye yako. "Behavior" haikuwa kosa. Sisi tulisomeshwa Kiingereza cha Uingereza, wewe kwenu na mimi kwetu, lakini mwongozo wa Django umeandikwa kwa tahajia ya Marekani, na kikagua tahajia chake kimewekwa hivyo. Hata kama ombi lako lingempita mtu, kikagua chenyewe kingelikataa. Nukta uliyoongeza siwezi kuisemea bila kuiona. Jina lako kwenye README, hapana mwanangu. Hiyo ilikuwa haki yake kufungwa.

Ukitaka kurudi, na ningependa urudi, chagua mradi mmoja unaoutumia kweli. Mmoja. Soma ukurasa wake unaoeleza namna ya kuandika nyaraka, kila mradi mkubwa unao. Ule wa Django, kwa mfano, unawaomba waandishi wakwepe maneno yanayopunguza uzito wa kazi, kama "simply", "easily" na "just". Mimi hiyo kanuni naipenda mno. Hakuna kinachomkatisha tamaa mtu aliyekwama saa nane za usiku kama kuambiwa kwamba jambo lililomshinda ni rahisi. Ukikuta aya iliyoponyoka na ikambeza msomaji, unayo sababu ya kuibadilisha, na sababu hiyo wameiandika wenyewe. Ila usipite kurasa zote ukifuta "just" kwa fagio. Nyingine zina maana yake pale zilipo.

Jambo mama. Miye nasoma programu hapa Bukavu. Lugha yangu ya masomo ni Kifaransa, Kiingereza nakisoma lakini kuandika ni shida. Naweza kusaidia kitu? Ao niachie wenye kujua?
*Msomaji wa kike, Bukavu*

Jambo sana binti yangu. Unaweza, na kuna milango miwili.

Wa kwanza ni Kifaransa chako. Mwongozo wa Django unasomeka pia kwa Kifaransa, na tafsiri zinafanyika kwenye jukwaa liitwalo Transifex, si kwa penseli ya GitHub. Usihariri tafsiri kwenye GitHub, utarudishwa huko tu. Unajiunga na timu ya lugha, unapendekeza, wenzako wanapitia. Maandishi yanayobadilika kila toleo daima yana sehemu zilizobaki nyuma. Kiswahili nacho kimo kwenye lugha za Django, kwa jumbe zile fupi ambazo mtumiaji huziona akikosea kujaza fomu, na huko ukipita na jicho lako sisi huku pwani tutashukuru.

Mlango wa pili ni kusoma kwako polepole. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu hawezi kuruka maneno, kwa hiyo anaona vitu ambavyo mwenye lugha amevipita. Hatua ya tatu inataja faili ambalo hatua ya pili haikuliunda. Mfano wa kodi unatumia kitu ambacho hakikuingizwa mwanzoni. Jina kwenye maelezo ni tofauti na jina kwenye kodi iliyo chini yake. Makosa ya namna hiyo yana thamani kuliko "the" mbili, maana yanamsimamisha mtu kazini, na kuyaeleza hakuhitaji Kiingereza cha mahakamani. Andika ulichofanya, kilichotokea, ulichotarajia, na ubandike ujumbe wa hitilafu mzima, usiukate.

Akili mnemba ikunyooshee sarufi ya sentensi zako, sawa, mimi sina tatizo. Isikuandikie aya nzima kuhusu jambo ambalo hujaliendesha mwenyewe. Mkaguzi atakuuliza swali la kwanza, na hutakuwa na la kumjibu.

Shangazi, je, nikifanya hivi kuna malipo? Na Python yenyewe taratibu zake ni hizihizi?
*Fundi simu, Iringa*

Malipo hakuna. Wapo wachache wanaolipwa kusimamia Django, wanaitwa Fellows, utaratibu ulioanza 2014 kwa fedha za michango inayokusanywa na Django Software Foundation, na hao ndio mara nyingi watakaosoma ombi lako. Mwajiri hatakuajiri kwa neno moja lililofutwa, tusidanganyane. Atakachokitazama ni mazungumzo yaliyo chini ya ombi, kama ulijibu kwa adabu ulipoambiwa urekebishe.

Python inafanana, na tofauti zake ni chache. Pembeni mwa kila ukurasa wa mwongozo wake kuna kiungo cha kuonyesha chanzo, kwa hiyo kufika kwenye faili ni rahisi zaidi. Kosa la tahajia halihitaji kufunguliwa suala, ndiyo tiketi yao. Lakini kabla ombi halijaunganishwa utatakiwa utie saini mkataba wa mchangiaji, roboti itakuletea kiungo. Unatiwa mtandaoni, haugharimu kitu. Na ukikuta makala inakutuma bugs.python.org kufungua suala, makala hiyo imezeeka. Kazi hiyo ilihamia GitHub mwaka 2022.

Salaam. Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Nina darasa la wanafunzi zaidi ya thelathini na ningependa kila mmoja atume rekebisho moja kwenye mradi mkubwa kama zoezi la muhula, nitoe na alama. Unanishauri mradi gani?
*Mwalimu, Dodoma*

Salaam mwalimu. Hakuna, na nakuomba usifanye hivyo. Mapema 2024 mradi wa Express, wa wale wa JavaScript, ulimiminiwa maombi ya wanafunzi waliotazama somo la video ambalo mwalimu wake alitumia mradi huo kama mfano. Kila mmoja akaandika jina lake kwenye README, kama alivyoonyeshwa. Wanafunzi hawakuwa na nia mbaya hata kidogo, na kazi ya kuyafunga maombi hayo ikawaangukia watu wasiohusika. Zoezi likiwa na alama, asiye na kosa la kusahihisha atalibuni.

Tengeneza mradi wako mwenyewe kwenye GitHub. Andika humo mwongozo wa maabara yenu ya shule: namna ya kuwasha mashine, kuunganisha printa, kuhifadhi kazi, nani anashika ufunguo. Uache makosa ya makusudi na mengine utayaacha bila kujua, waalimu tunajuana. Wao wanakili, wanarekebisha, wanakutumia maombi, wewe unakagua na kuwarudishia mengine yafanyiwe kazi tena. Watajifunza kila hatua, na baada ya muhula shule itabaki na mwongozo wa maabara ulio sahihi. Yule atakayekutana na kosa la kweli kwenye Django au kwingine, msaidie alitume kwa jina lake, bila alama.

Mambo mawili ya akaunti. GitHub haipokei mtoto aliye chini ya miaka 13, kwa hiyo kama una kidato cha kwanza, hakikisha umri. Na barua pepe iliyowekwa kwenye git hubandikwa kwenye kila badiliko na kubaki wazi kwa ulimwengu. Kabla hawajaanza, wapeleke kwenye mipangilio ya barua pepe wachague kuificha. GitHub itawapa anwani mbadala yenye neno noreply, na hiyo ndiyo waiweke kwenye git config ya kila mashine ya maabara. Mashine zinazotumiwa na wengi zitazame kila kipindi, la sivyo kazi ya Asha itasomeka kwa jina la Juma aliyeketi hapo asubuhi.